Maiki Haipimwi kwa Moja Mbili

Ninyi vijana mnaofunga spika siku hizi, nianze na ombi moja tu: mkipima maiki karibu na nyumbani kwangu, msiseme "moja mbili, moja mbili". Nasikia vibaya mwenzenu. Naacha chai mezani, natafuta viatu, natoka. Mke wangu Febby hubaki anacheka. "Baba, umestaafu. Kaa chini, mukwai." Hiyo ni "tafadhali" ya kwao, ng'ambo ya mpaka. Nikae chini nikifanya nini? Siku ya kawaida naweza kukaa, napalilia bustani, nagombana na kuku. Ila ikifika siku ya maadhimisho, yoyote ile, kiti kinaniuma na miguu inawasha. Mtu aliyeamka alfajiri kila sikukuu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, utamtuliza na nini? Na uji?

Mimi ni fundi Mwampashi, wa Ihanda kwa kuzaliwa, wa Tunduma kwa kutafuta. Kazi yangu ilikuwa vipaza sauti. Wenzangu walizijua sikukuu kwa kalenda ya ukutani, mimi nilizijua kwa mgongo, maana spika za pembe, amplifaya na betri ya gari nilibeba mwenyewe. Siku ya Wanawake, Mei Mosi, Mtoto wa Afrika, Mazingira, Ukimwi, Uhuru. Nimefunga Vwawa, nimefunga Mlowo, nimepanda Itumba na kushuka Momba kwenye joto la wafugaji. Popote aliposimama mtu akasema "ndugu wananchi", jueni kuna fundi nyuma ya ukuta amechuchumaa na jenereta anaomba Mungu mafuta yasiishe.

Sasa kuna jambo hamtafundishwa chuoni. Siku zinagongana. Dunia ina siku zake, nchi ina zake, na waliozipanga hawakukaa meza moja wakaulizana. Saba Saba mnaijua tangu utotoni, leo hiyo hiyo ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani. Tisa Desemba sisi tunasherehekea Uhuru, na dunia nzima siku hiyo hiyo inapinga rushwa. Mwaka mmoja, katika mji ambao siutaji, kamati mbili zilinijia kwa tarehe hiyo. Moja inataka ngoma na shangwe, nyingine inataka watu wakae watafakari. Nikawafungia uwanja mmoja. Kikundi cha maigizo kikaonesha mla rushwa, na jamaa aliyeigiza alikuwa na kipaji, tumbo lake la mto, miwani puani. Watu waliokuja kushangilia Uhuru wakamshangilia yeye. Kila akipokea bahasha, vigelegele! Mwisho mla rushwa akakamatwa, uwanja mzima ukamsikitikia. Yule bwana wa kamati ya pili alinitazama mimi, eti spika zangu ndizo zilizowachanganya watu.

Hayo nayacheka. Kuna tarehe moja ambayo sikuicheka hata kidogo, nayo ni Oktoba ishirini na nne. Siku hiyo nusura nimkose huyu Febby anayeniambia nikae chini.

Lakini subirini, siwezi kuwapeleka huko bila kumtaja aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mzee Nzowa, mtu mfupi, mkali kama pilipili kichaa, alikuwa akitengeneza redio Vwawa. Siku yangu ya kwanza nilishika maiki nikasema "aloo, aloo, moja mbili". Akaninyang'anya.

"Wewe Mwampashi, uwanjani hapa kuna mtu anaitwa Mbili?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nani atageuka?" Akatembeza macho mpaka mstari wa mwisho kabisa, pale wanapokaa akina mama wenye watoto na wauza karanga, akasema kwenye maiki taratibu, "Mama Neema, leo karanga umezitia chumvi?" Kichwa kimoja kikageuka kule nyuma. "Umeona? Maiki nzima. Maiki haipimwi kwa moja mbili, inapimwa kwa jina la mtu. Mbele hapa wangekusikia hata ukikohoa. Fundi anafanya kazi kwa ajili ya yule wa nyuma."

Sheria yake ya pili ilikuwa fupi zaidi: mgeni rasmi hazimwi. Hata akiongea mpaka watoto walale. Hata akipotea njia ndani ya hotuba yake mwenyewe. Unaweza kumpunguza, unaweza kuivisha maiki yake soksi safi ya mtoto upepo usivume ndani, ila kumzima, hapana.

Nilimkosea Mzee Nzowa mara nyingi. Itumba nilielekeza spika juu, nikidhani sauti itaenda mbali. Mnaijua Itumba, milima kila upande. Mgeni akasema "Ndugu wananchi", mlima ukajibu "nanchi". Akasema "Tudumishe amani", mlima "mani". Akanyamaza, akageuka kunitazama, akidhani kuna mhuni ninayemruhusu amwigize. Akina mama walikuwa wameziba midomo kwa kanga. Nikarudi Vwawa kichwa chini. Mzee Nzowa hakunigombeza sana, alisema tu, "Elekeza spika kwenye vifua vya watu. Mlima hauna shida ya kusikilizwa." Hilo liandikeni, kama bado mnaandika.

Haya. Oktoba ishirini na nne.

Aliyefika Tunduma anajua kwamba Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Huku Tanzania, kule Zambia, katikati malori yamepanga foleni na akina mama wanapita na ndoo za nyanya kama vile mstari haupo. Wanamwanga wapo huku na wapo kule, ni ndugu. Na tarehe hiyo moja ina mambo mawili: huku shule zinaadhimisha Siku ya Umoja wa Mataifa, kule Wazambia wanasherehekea uhuru wao. Huku watoto na bendera za karatasi, kule bendi na nyama choma. Nilifunga siku ya Umoja wa Mataifa miaka mingi, nikisikia ngoma za kule zinanipita masikioni.

Febby alikuwa anauza vitenge upande wa Nakonde. Mjane. Mimi nami mke wangu wa kwanza alishafariki, watoto wamekwenda kwao, nyumba imepoa. Nilikuwa nalala na redio imewashwa ili angalau kuwe na mtu anaongea. Tulikutana Siku ya Wanawake, alivuka na wenzake kuja kwenye maadhimisho yetu. Walipomaliza kucheza akanifuata hadi nyuma ya ukuta. "Fundi, samahani mukwai. Spika zako zinapiga kelele, hazisemi." Nilikasirika mpaka jioni. Jioni nikapunguza mlio mkali kama alivyosema, nikasikiliza. Mwanamke alikuwa sahihi! Kesho yake nikavuka kwenda kumwambia. Keshokutwa nikavuka tena, sina cha kumwambia.

Tukafika mahali pa kwenda kwa baba yake. Alikuwa Ba Simwinga, hiyo "Ba" ni ya heshima, na Febby humwita Tata, yaani baba. Binti zake wanaitwa Namwinga, ndivyo Wanamwanga wanavyowaita wanaume na wanawake wa ukoo mmoja. Mzee mrefu, mkavu, sauti nyembamba imekwisha. Mimi na mvi zangu nikachuchumaa pale mlangoni nikipiga makofi taratibu, maana wakwe kule ndivyo wanavyosalimiwa. Magoti yananilia. Nikajikaza nikaanza habari ya ng'ombe. Akainua mkono.

"Ng'ombe baadaye. Binti yangu anasema wewe ni wa spika."

"Ndiyo, Tata."

"Zinasikika mpaka wapi?"

Nikataka kujisifu kidogo. "Upepo ukiwa mzuri, Tata, nikifunga hapa Nakonde, Tunduma wote watalalamika."

Akacheka. Febby aliniambia baadaye ilikuwa muda mrefu hajamwona baba yake anacheka. "Basi Oktoba ishirini na nne nifungie wewe," akasema. "Nataka Tunduma walalamike. Ukiweza, lete wazee wako tuongee ng'ombe. Ukishindwa, usije hapa tena."

Njiani Febby akanieleza. Baba yake ni mmoja wa wachache waliobaki walioupigania uhuru wao wakiwa vijana. Kila mwaka anapewa nafasi ya kusema maneno machache, na kila mwaka wanamweka mwisho, betri ikiwa imeshachoka. Anasema, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Watu wanapiga makofi ya huruma. "Akirudi nyumbani hali chakula," alisema. "Mwaka jana alilia, fundi. Baba yangu mimi."

Nikasema usijali, nimeshika. Mdomo wangu huo, una mwendo kuliko akili. Nilikuwa nimeshavuka barabara, namtazama muuza mahindi ya kuchoma, ndipo nikakumbuka: Oktoba ishirini na nne nimeshakubaliana na Mwalimu Tusajigwe, mwalimu mkuu wa shule moja pale karibu na mpaka. Na amplifaya yangu ya pili iliungua kwa mvua. Nikatafuta ya kuazima, wapi! Siku hiyo Nakonde nzima inasherehekea, kila kinachoweza kutoa sauti kimeshachukuliwa. Ningemwambia Mwalimu Tusajigwe nimeghairi? Watoto wale walikuwa wamefanya mazoezi mpaka sauti zimekauka. Nilizunguka chumbani usiku ule mpaka jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo ujanja wa mpakani uliponijia. Sisi tunaoishi pale tuna saa moja ya ziada mfukoni. Ukivuka kwenda Nakonde, saa inarudi nyuma. Kwetu ikigonga saa tano, kwao bado ni saa nne. Tunaitumia hiyo sana: mtu anachelewa ibada huku, anakimbilia ibada kule anawahi nyimbo za mwanzo. Nikajipangia: Umoja wa Mataifa uanze asubuhi yetu, uishe mapema, nifungue spika, nivuke, nirudishiwe saa yangu, nimkute Ba Simwinga ndiyo kwanza anafunga vifungo vya koti. Nikalala usingizi mzuri. Mjinga mimi! Nilihesabu saa ya Tanzania, nikahesabu saa ya Zambia, nikasahau kwamba kuna saa ya tatu, saa ya mgeni rasmi.

Siku ikafika. Watoto wamepangwa, kila mmoja ameshika bendera ya nchi yake ya karatasi. Kulikuwa na Brazili mwenye kamasi, Ujerumani na Ghana wanasukumana. Upepo wa Oktoba unapeperusha vumbi kuelekea Nakonde. Nikapima maiki kwa jina, kama ninavyopima. Kule nyuma kuna mama anauza maandazi kwenye beseni, namfahamu kwa sura, Mama Tabia. "Mama Tabia, nibakizie mawili." Akageuka, akacheka. Maiki nzima. Mgeni rasmi hakuna.

Tukasubiri. Kwaya ikaimba, ikarudia. Nilikuwa natembea kutoka kwenye jenereta hadi getini, getini hadi kwenye jenereta, mpaka Mwalimu Tusajigwe akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Ng'ambo bendi imeshaanza. Ile saa yangu ya mfukoni ikaanza kutoka kidogo kidogo kama pumzi kwenye tairi.

Mgeni rasmi alipofika, alifika na pole nyingi na hotuba ndefu. Alianza na historia ya vita vya dunia. Nikasema Mungu wangu, huyu kutoka huko mpaka leo atafika lini? Nikamwona Febby getini, kajifunga kitenge chake cha bendera, anahema.

"Fundi! Tata amekaa mbele. Amevaa koti. Wanamwuliza fundi wake yuko wapi."

"Mgeni bado anaongea."

"Mzime!"

"Mgeni rasmi hazimwi, Febby."

Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. "Basi nenda ukamwoe mgeni rasmi," akasema, akageuka kurudi kwao mbio mbio.

Jamani. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Hapa nawaambia ukweli wa moyo, niliigusa. Nilimwona mke huyu naye anapotea kwenye vumbi la malori, nyumba yangu inarudi kuwa ya redio. Kisha nikawatazama wale watoto, Brazili na kamasi zake amesimama wima juani kwa sababu aliambiwa siku hii ni kubwa. Nikaondoa mkono. Nikakaa juu ya boksi la spika, nikajua nimekosa mke.

Nilikuwa bado nimekaa pale niliposikia fimbo. Ko, ko, ko. Nainua kichwa, Ba Simwinga mwenyewe anaingia getini. Koti jeusi katikati ya joto lile, beji ya bendera yao kifuani. Ameacha sherehe ya nchi yake, ametembea na kuvuka mpaka kuja kuona kwa macho yake ni sherehe gani hiyo iliyoizidi ya kwake. Febby yuko nyuma yake anamshika mkono, anamwambia, "Tata, turudi, Tata." Wala hamsikilizi. Ananitafuta mimi. Nikajificha nyuma ya jenereta, msicheke.

Sasa sikilizeni siku zinavyogongana. Mshereheshaji wetu alikuwa mwalimu kijana, mgeni pale. Anaona mzee mwenye heshima, koti, beji ya Zambia, anaingia kwenye Siku ya Umoja wa Mataifa. Atafikiri nini? Alikimbia akampokea fimbo, akamketisha meza kuu. Mtoto aliyeshika bendera ya Zambia, binti mdogo, alipomwona akasimama na kuinua bendera yake juu. Hakuna aliyemfundisha. Mzee alipoiona ile karatasi ya kijani na tai wake wa rangi ya chungwa, akasimama hapo hapo, akaigusa. Mgeni rasmi naye kufurahi! Akaikata hotuba yake mwenyewe, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. "Mataifa si maneno tu," akasema, "tunaye hapa mwakilishi wa jirani zetu, siku ya uhuru wao. Karibu, mzee wetu, utusalimie."

Na maiki ikapewa Ba Simwinga.

Ningekuwa na akili ningekimbia. Badala yake ufundi ukanipanda. Nikaona anaishika maiki mbali, nikaona upepo utamla, nikatoka kule nyuma nikachuchumaa mbele yake, nikaivalisha maiki soksi, nikaisogeza karibu na mdomo. Alinitazama kama ng'ombe anavyotazama mtu aliyemnyima chumvi. Nikarudi kwenye amplifaya. Febby akasimama kando yangu, hanitazami, ila Kinamwanga mimi nakisikia nusu nusu, kwa hiyo akawa ananong'ona maana yake sikioni.

"Anasema hakuja kuwasalimia. Amekuja kumfuata fundi wake."

Watu wakacheka. Mzee akashtuka. Hakushtushwa na kicheko, alishtushwa na sauti yake. Ilikuwa imetoka, imefika mpaka ukuta wa mwisho na kurudi. Akaitazama spika kwa muda. Nikapandisha kidogo sauti za juu, maana zake zilikuwa zimekwisha. Alipoanza tena alizungumza taratibu kama mtu anayeongea na wa nyumbani.

"Anasema, kabla ya uhuru wao walikuwa vijana watatu, wanatafutwa na askari wa mkoloni. Wakavuka wakaingia Tunduma. Kuna mwanamke akawaficha kwenye kihenge chake, juu ya mahindi. Waliowafuata walipofika, akawaambia, humu kuna mahindi na panya, ingieni mkaumwe. Wakaondoka. Akawalisha mpaka hatari ilipopita." Febby akasogea zaidi sikioni. "Anasema uhuru ulipokuja walicheza, wakamsahau. Alipomkumbuka na kuja kumtafuta, akaambiwa amefariki na nyumba imevunjwa. Akaapa kwamba shukrani ya uhuru itatolewa siku ya uhuru, siyo siku nyingine. Kila mwaka amemtaja. Lakini anamtaja kule, ambako hakuna anayemjua, na sauti haivuki barabara."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka Tunduma walalamike. Hata Febby alikuwa hajui. Alikuwa analia, anatafsiri, analia.

Mzee akavuta pumzi akataja jina. "Eneya Nanyangwe."

Lilitoka safi. Mzee Nzowa angekuwepo angenipa mkono. Na mimi, kwa mazoea tu ya kazi, macho yangu yakaenda mstari wa mwisho.

Kichwa kimoja kilikuwa kimegeuka. Kisha mtu mzima akasimama. Mama Tabia, beseni likamtoka mapajani, maandazi yakamwagika vumbini. "Huyo ni mama!" akasema. "Huyo ni mama yangu mimi!" Hakuwa na maiki, na uwanja mzima ulimsikia.

Ba Simwinga hakusubiri kushikwa mkono. Alishuka pale mezani bila fimbo yake, akapita katikati ya mataifa yote, Brazili akimpisha na Ghana akimpisha, mpaka nyuma kabisa. Akachuchumaa. Mzee yule, na magoti yale, akachuchumaa mbele ya muuza maandazi akapiga makofi taratibu, salamu ile ile niliyompigia mimi mlangoni kwake. Mama Tabia akapiga magoti naye, wakashikana mikono. Mgeni rasmi aliuliza kwa sauti ya chini kama hii ilikuwemo kwenye ratiba. Mwalimu Tusajigwe akamwambia ilikuwemo.

Baadaye niliitwa. Nikaenda naburuta miguu. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi na Mama Tabia, wanakula yale maandazi, wamepangusa vumbi. Nikachuchumaa. Nikaomba radhi kwa kutovuka.

"Ungekuja ulivyoahidi," aliniambia kwa Kiswahili, "ningemtaja tena upande ule." Akatafuna kidogo. "Lakini ahadi hukuitimiza."

"Ndiyo, Tata."

"Kwa hiyo ng'ombe wataongezeka. Mmoja wa ziada. Na huyo hutaleta kwangu. Utampeleka kwa mama huyu."

Febby aliangua kicheko katikati ya machozi, akanipiga bega. Wazee wangu walipoenda kuzungumza mahari, walishangaa kusikia kwamba ng'ombe mmoja wa kuoa Nakonde anatakiwa Tunduma. Niliwaambia msiulize, fungeni kamba tu. Nakonde nako waliteta miezi mingi, eti mzee wao kaitolea hotuba ya uhuru kwenye nchi ya watu. Yeye alikuwa akiwaambia, "Kule nilisikika."

Alisikika miaka mingine kadhaa. Kila Oktoba ishirini na nne nilimfungia upande wetu, watoto wakiwa na bendera zao, Mama Tabia akiwa amehamishiwa meza kuu ingawa alilalamika kwamba kule mbele hauzi. Kisha mzee akaumwa. Siku za mwisho sauti ilimtoka kabisa, hata Febby alikuwa anasoma midomo. Aliniita karibu, akanishika sikio, kama vile anarekebisha redio. Nilielewa anachosema. Nilimjibu, "Nitamtaja, Tata. Siku ile ile."

Sasa vijana, mimi katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuhutubia. Maiki nyingi zimepita mikononi mwangu, sikuwahi kusimama mbele ya hata moja. Naogopa. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi walinipa nafasi ya kusema, nikakataa. Nikazunguka zunguka uwanjani mpaka nikajikuta kwenye amplifaya, kijana wenu mmoja anasema moja mbili, moja mbili. Nikamwomba maiki. Hiyo kazi ndiyo ninayoijua.

Kwa hiyo mkiniona Oktoba ishirini na nne nakuja mbio, shati halijafungwa vifungo, Febby ananifuata na kofia, msiseme mzee amechanganyikiwa, msiseme anaingilia kazi za watu. Fungeni spika zenu za kisasa, zielekezeni vifuani. Mkishawasha, nipeni maiki nipime mimi. Sitachukua muda. Ninataja jina moja, "Eneya Nanyangwe", halafu natazama nyuma.